Ukiandikiwa "adequately" usikimbilie kushangilia: uzi wa vielezi vya Kiingereza vya kusifia nusu nusu

#1 Mpigachapa wa Makole
Mbukwenyi wakuu.

Kazi yangu ni kuchapa na kutafsiri nyaraka hapa Dodoma mjini. Tangu wizara zihamie huku, wateja wangu wengi ni watumishi wanaotaka barua ya kupendekezwa, wasifu au ripoti itoke kwenye Kiswahili iende kwenye Kiingereza, kisha itumwe kwa mfadhili, chuo cha nje au shirika fulani. Kuna neno moja linawaponza sana: "adequately".

Chanzo chake ni "ipasavyo". Bosi anaandika: "Katika kipindi chote alitekeleza majukumu yake ipasavyo." Kwa Kiswahili cha ofisini hiyo ni sifa iliyoshiba. Ukiisoma unajua mtu huyu hana onyo kwenye faili, hachelewi, na hajawahi kugombana na mhasibu kuhusu masurufu. Sasa anakuja mtu na kamusi yake, anatafuta "ipasavyo", anapata "adequately", anaandika. Kamusi haijakosea. Neno lenyewe linatokana na Kilatini, "aequus", yaani sawa: kitu kimelinganishwa na kipimo chake na kimefika. Tatizo ni kwamba Mwingereza anayepokea barua ya kupendekeza mtu anasoma kilichoandikwa na kilichoachwa. "He performed his duties adequately" kwake maana yake alifika mstarini akasimama hapo hapo. Ni kama kumsifia mpishi kwamba ugali wake umeiva.

Ndugu zake ni wengi: "sufficiently", "satisfactorily", "reasonably", "fairly", "decently", "acceptably", "passably", "tolerably". Yote yanasema jambo linatosha na halijavuka hapo, lakini hayana joto moja. "Decently" na "reasonably" yana uchangamfu kidogo, mtu anaweza kuambiwa na akatabasamu. "Satisfactorily" ni la fomu. "Passably" na "tolerably" yako ukingoni kabisa, yakisukumwa kidogo yanaangukia upande wa kushindwa. Na "fairly" ni kinyonga, hilo naomba tulijadili peke yake.

Hoja yangu ni hii: Kiingereza cha barua za mapendekezo kimepatwa na mfumuko wa sifa. Kila mtu ni "outstanding", kila mtu ni "exceptional". Neno la kutosha limebaki chini, na likitumika linasomeka kama lawama ya adabu. Kiswahili chetu cha ofisini bado hakijafika huko, na ndiyo maana tunaumizana bila kujua.

Karibuni.

#2 Kijana wa Nkuhungu
Natia nanga hapa. Wenye nondo zishusheni.

#3 Mwalimu wa Kondoa
Mkuu umegusa penyewe. Fungua matokeo ya kidato cha nne ya NECTA uone neno "Satisfactory" lilipoketi. A ni "Excellent", B ni "Very Good", C ni "Good", halafu D, yaani alama 30 hadi 44, ndiyo "Satisfactory". Chini yake ni F, basi. Mwanafunzi wangu anayepata D ya Kiingereza ameandikiwa rasmi kwamba ameridhisha, na sijaona mzazi aliyeridhika naye. Hata shule nzima ikipangwa kwa wastani wa GPA ikaangukia "Satisfactory", mkuu wa shule halali.

Waingereza wenyewe neno hili liliwashinda. Ofsted, chombo kinachokagua shule za England, kilikuwa na madaraja manne: "outstanding", "good", "satisfactory" na "inadequate". Septemba 2012 "satisfactory" ikafutwa, mahali pake pakawekwa "requires improvement", yaani inahitaji kuboreshwa. Daraja lile lile la tatu, shule zile zile. Walichofanya ni kusema kwa sauti kitu ambacho kila mzazi alikuwa anakielewa kimya kimya.

Na tazameni lile la mwisho, "inadequate". "Adequate" ni sifa baridi, lakini ukilikanusha halirudi nyuma hatua moja tu, linashuka mpaka kuwa hukumu. Mwalimu aliyeandikiwa "inadequate" anatafuta kazi nyingine. Ndiyo maana mimi huwaambia vijana wasijifunze maneno haya kwa jozi za kinyume, watapotea.

#4 Mkaguzi Mstaafu
Mwalimu, njoo upande wa hesabu uone mambo yanavyopinduka.

Ripoti ya CAG, yaani Mkaguzi Mkuu wa Hesabu za Serikali, humfikia Rais mwishoni mwa Machi, kisha inawekwa mezani Bungeni hapa Dodoma. Siku hizo halmashauri zinajivunia "hati inayoridhisha". Hiyo ndiyo daraja la juu kabisa, hakuna hati nyingine juu yake. Chini yake kuna hati yenye shaka, kuna isiyoridhisha, na kuna pale mkaguzi anaposhindwa kutoa maoni. Kwa hiyo kuridhisha kwa NECTA ni hatua ya mwisho kabla ya kufeli, kuridhisha kwa CAG ni kileleni. Kitenzi ni kile kile.

Kwa Kiingereza hati hiyo inaitwa "unqualified opinion", na ile yenye shaka ni "qualified opinion". Niliwahi kukaa na diwani aliyesikia "qualified" akafurahi, maana kwake "qualified" ni mtu mwenye vyeti vyake. Ilibidi nimweleze taratibu kwamba hapo neno lina maana ya maoni yenye "isipokuwa" ndani yake.

Sasa "fairly". Mkaguzi akiridhika anaandika kwamba taarifa za fedha "present fairly, in all material respects". Niliona tafsiri moja imeandikwa "zinaonyesha kwa kiasi fulani". Jamani! Ukisoma hivyo unadhani nusu ya hesabu zimepikwa. "Fairly" ya mkaguzi ni ile maana ya asili: kwa haki, bila kupendelea, bila kupotosha. Hapo haipunguzi chochote.

Viwango vya kimataifa vya ukaguzi vimeyabana maneno haya vizuri, ningependa na wengine waige. Ushahidi wa ukaguzi unatakiwa uwe "sufficient" na "appropriate". La kwanza ni kipimo cha wingi, la pili ni kipimo cha ubora. Unaweza kuwa na stakabadhi kabati zima, zikawa "sufficient" kwa idadi, na zote zikawa za kughushi. Halafu kuna "reasonable assurance", ambayo kwa tafsiri ya viwango vyenyewe ni uhakika wa kiwango cha juu ila usiofika asilimia mia. Mtu wa mtaani akisikia "reasonable" anafikiria katikati. Kwa mkaguzi ni juu, karibu na dari.

#5 Msemakweli wa Bahi
Hamna kazi za kufanya mjini. Watu tunatafuta maji, ninyi mnachambua "fairly". Mtu akiandika "adequately", Mzungu ataelewa tu kwamba aliyeandika si Mwingereza, yaishe. Barua yangu ya kwanza ya kuomba kazi ilikuwa na makosa mpaka kwenye tarehe na nikaitwa kwenye usaili.

#6 Mpigachapa wa Makole
Msemakweli, kwa upande mmoja uko sahihi. Barua ikisomwa na mtu aliyewahi kuishi huku, atakuelewa. Lakini maombi ya siku hizi yanasomwa na mtu asiyejua Bahi iko wapi, ana lundo mbele yake, na anachotafuta ni sababu ya kulipunguza.

Na kuna kitu umekigusa bila kukusudia. Kosa la sarufi linasamehewa kwa sababu linaonekana ni kosa. Ukiandika "he work good", msomaji anajua Kiingereza kimekupiga chenga, anajaza mwenyewe ulichotaka kusema. "Adequately" haina kosa lolote. Herufi zake ziko sawa, mahali pake pako sawa, sentensi imesimama. Kwa hiyo anakuamini. Anaamini umepima, ukachagua neno hilo ukaacha mengine. Kadiri Kiingereza chako kinavyokuwa safi ndivyo neno la namna hii linavyokuumiza.

Mkaguzi na Mwalimu wamenisaidia kusema jambo nililokuwa nalihangaikia: maneno haya hayana kimo chao wenyewe. Swali la kujiuliza ni moja, juu yake kuna nini? Kama juu yake kuna ngazi tatu, umepewa ya chini. Kama juu yake hakuna kitu, umepewa yote.

#7 Binti Mpwapwa
Wakuu nisaidieni na "quite". Ripoti yetu ya mradi imerudi kutoka makao makuu na maoni mawili pembeni. Mmoja aliyeandika ni Mmarekani, mwingine Mwingereza, na wote wawili wameandika "quite good" kwenye sura ya tatu. Kiongozi wangu wa kitengo anasema tumesifiwa mara mbili, anataka kuipeleka mbele bila kuigusa. Mimi roho inasita.

#8 Mwalimu wa Kondoa
Roho yako inakuambia kweli, dada. Mmarekani akisema "quite good" kwa kawaida anamaanisha nzuri kwelikweli. Mwingereza akisema hivyo hivyo mara nyingi anamaanisha si mbaya, ila nilitegemea zaidi. Kwa sauti ungeweza kumkamata: akiweka mkazo kwenye "quite" anapunguza, akiuweka kwenye "good" anapandisha. Kwenye maandishi mkazo hauonekani, kwa hiyo rudi kwake umuulize kwa upole ni kipi kingeifanya sura ya tatu iwe bora. Atakuandikia ukurasa mzima, utaona.

Tena "quite" ina uso wa tatu. Ikikaa na neno lisilo na viwango, kitu ambacho kipo au hakipo, inakuwa "kabisa" kwa Waingereza na Wamarekani pia. "Quite impossible" ni haiwezekani kabisa. "Quite right" ni sahihi kabisa. Lakini "not quite" ni bado kidogo. Kazi ikiwa "not quite ready", usiende kuichukua.

Na kwa kuwa tumefika hapa, "fairly" na "rather". Kwa Waingereza wa shule ya zamani, "fairly" hupenda kukaa na kitu unachokitaka, "rather" na kitu kinachokusumbua. Mgeni akishuka Dodoma mwezi wa saba na huu upepo wetu, akisema "it is fairly cool", hali ya hewa imempendeza. Akisema "it is rather cool", mtafutie sweta. Kuna kipimo kingine kidogo: "rather" inakubali kutangulia neno la kulinganisha au "too", unasema "rather better", "rather too long". "Fairly" haikubali. Ukisema "fairly better" umejitangaza. Kwa faida ya wapenda asili za maneno, "rather" lenyewe lilianza kama neno la kulinganisha kwenye Kiingereza cha kale, maana yake "mapema zaidi", ndiyo maana mpaka leo linatumika pia kusema "ni heri".

#9 Bwana Shamba wa Makutupora
Mimi nilikuwa napita tu kimya kimya ila hapa nimevutwa.

Kwenye ripoti za udongo tuna safu nzima ya vielezi hivi, na huku maji yake ndiyo yanaamua zabibu itaishi au itakufa. Udongo unapangwa kwa jinsi unavyopitisha maji: kuna "excessively drained", "somewhat excessively", "well", "moderately well", "somewhat poorly", "poorly" mpaka "very poorly drained". Mkulima aliyesoma akiona "moderately well drained" anaona maneno mawili mazuri yamefuatana, wastani na vizuri, anachimba mashimo. Kumbe tafsiri yake ni kwamba kuna kipindi cha mwaka maji yanakaa karibu na mizizi. Mzabibu hautaki miguu yake iloe.

Sasa kinachonifurahisha ni juu ya safu. Mpigachapa anasema angalia juu yake kuna nini. Hapa juu ya "well" kuna "excessively", na hiyo si tuzo, ni mchanga usioshika maji. Kilicho bora kiko katikati ya ngazi. Kwa hiyo kanuni yako, mkuu, kwa udongo inabidi uulize pia ngazi yenyewe inaelekea wapi.

La pili ni "wastani". Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitabiri mvua za wastani, watu wa mjini wanasema afadhali, mwaka huu zinatosha. Zinatosha nini? Wastani wa Dodoma ni kati ya milimita 500 na 600 hivi kwa mwaka, zote zikianguka katika msimu mmoja wa Desemba hadi Aprili. Kwa mtama na uwele hiyo inatosha. Kwa mahindi ni kamari. Mvua inaweza kuwa "normal" na isiwe "adequate", na wakati wa kutafsiri utabiri kwenye semina za wakulima watu huyachanganya hayo mawili kila mara. La kwanza linalinganisha mwaka huu na miaka iliyopita, la pili linalinganisha mvua na shina la mhindi.

#10 Kijana wa Nkuhungu
Madini haya. Naomba na mimi: nimeandika kwenye kundi la darasa "I almost passed the exam" nikimaanisha nimefaulu kwa taabu, watu wananipa pole. Kulikoni?

#11 Mwalimu wa Kondoa
Wanakupa pole kwa sababu umewaambia umefeli. "Almost passed" ni nusura ufaulu, yaani hukufaulu. Ulichotaka ni "barely passed" au "only just passed", umepita ukiwa unapapasa mstari. "Scarcely" na "hardly" ziko jirani na "barely" ila zina giza zaidi. Na usije ukadhani "hardly" ni kielezi cha "hard". "He works hard" ni mchapakazi. "He hardly works" ni mtu anayekuja kutundika koti kwenye kiti.

Hongera kwa kufaulu lakini.

#12 Mama Zabibu
Wanangu nimewasoma wote. Mnakazana na vya watu wakati vya kwenu vimejaa. Ukiniuliza biashara vipi nikakujibu "si haba", jua siku imekuwa nzuri na sitaki kutangaza. Nikikujibu "hivyo hivyo tu", jua sijauza. "Tunasogea" ni kwamba kuna matumaini. "Afadhali" ni kwa kulinganisha na jana, mgonjwa leo afadhali. "Angalau" na "walau" ni pale unapookota kitu kwenye hasara. Hata salamu yenyewe, "sijambo", ni kusema sina jambo, sijasema niko vizuri sana. Sisi kutosha si aibu. Mtu akisema kimetosha anashukuru.

#13 Mpigachapa wa Makole
Mama, shikamoo. Hapo kwenye "si haba" umenipa kazi, maana nimeitafuta kwa Kiingereza siku nyingi. Kilicho karibu ni "not bad" ya Waingereza, ambayo nayo hupanda: "not bad" nzuri, "not bad at all" nzuri sana. Lakini "not bad" haina ile shukrani ndani yake, wala ule uoga wa kijicho. Kwenye tafsiri huwa naandika "quite well, thank God" na najua nimepunguza.

#14 Mdau wa Hombolo
Niongeze kisa cha Wajerumani, maana nimefanya nao kazi za mradi. Kwao mwajiri anatakiwa kumwandikia mfanyakazi cheti cha utumishi kwa lugha isiyomharibia maisha ya mbele. Kwa hiyo hawasemi mabaya. Wametengeneza msimbo. Ukiandikiwa umefanya kazi "zur Zufriedenheit", yaani kwa kuridhisha, hiyo ni alama ya nne, ya chini, inayotosha tu. "Zur vollen Zufriedenheit", kwa kuridhisha kikamilifu, ni ya tatu. "Stets zur vollen", yaani kila wakati, ni ya pili. Na alama ya kwanza ni "stets zur vollsten Zufriedenheit", ambayo kisarufi ni kichekesho hata kwao, maana kilichojaa hakijazi zaidi.

Sasa fikirieni bosi wetu wa hapa anaandika kwa moyo mweupe "alifanya kazi kwa kuridhisha", kijana anaitafsiri kwenda Kijerumani, anaipeleka Berlin.

#15 Msemakweli wa Bahi
Haya, nimesalimu amri nusu. Kijana wangu anaomba nafasi ya mafunzo nje, barua ya mkuu wake imeandikwa "ametekeleza majukumu yake ipasavyo na kwa kiwango cha kuridhisha". Zote mbili kwenye sentensi moja! Itafsiriweje bila kudanganya? Maana na mimi sitaki aandikiwe "outstanding", si mtu wa hivyo. Ni mtu anayefanya kazi, basi.

#16 Mpigachapa wa Makole
Swali hili ndilo nililolisubiri tangu juu, Msemakweli.

Kwanza, kutafsiri barua ni kupeleka alichomaanisha mkuu wake. Kama kweli alikuwa anamsifia, "adequately" ndiyo ingekuwa uongo. Kwa hiyo anza kwa kumuuliza mkuu: ulimaanisha hana dosari, au ulimaanisha hakuna cha zaidi? Wakati mwingine mkuu anacheka, anasema aa, huyo ni kijana wa kutegemewa, ndiye tunayemwachia funguo. Hilo sasa ndilo la kuandika. "He could be relied on" ina uzito kuliko kielezi chochote.

Pili, ondoa kielezi kama unaweza. "He fulfilled all his duties" bila "adequately" mbele wala nyuma ni sentensi yenye nguvu kuliko ikiwa nacho. Kiingereza kikisema mtu alitimiza, alitimiza. Ukiongeza "adequately" au "satisfactorily" unafungua mlango wa mashaka ambao haukuwepo. Kama lazima uweke neno, "fully", "reliably" na "conscientiously" yanabeba "ipasavyo" vizuri bila kuruka kwenda kwenye "exceptionally".

Tatu, weka tendo. Alisimamia nini, alimaliza nini, alimfundisha nani. Faili zilizokuwa zimerundikana zikaisha, hiyo haina mfumuko wa bei, haihitaji kamusi.

"Sufficiently" iache mpaka uwe na kitu kinachofuata. Kiingereza kinauliza "kwa ajili gani?" kila kikiiona: "sufficiently experienced to run a store", ana uzoefu wa kutosha kuendesha stoo. Ikikaa peke yake inaning'inia. "Enough" ni hivyo hivyo, na nafasi yake ni nyuma ya sifa au kielezi: "well enough", "good enough". Vijana wengi huniletea "enough good" kwa kuwa wanafuata mpangilio wa "enough money", ambako inatangulia jina. Na "well enough" nayo kwenye barua ina mabega yaliyoinuliwa, kama mtu anasema "ndiyo, anaweza, lakini". Haifai.

#17 Mkaguzi Mstaafu
"Pretty well" je? Kijana mmoja kaniletea ripoti, "the project went pretty well".

#18 Mpigachapa wa Makole
Kwenye simu sawa. Kwenye ripoti rasmi hapana, ni lugha ya mazungumzo. "Reasonably well" ndiyo inayovaa tai, ila kumbuka si yako ile ya wakaguzi, hapa ni ya katikati kweli.

#19 Kijana wa Nkuhungu
Na "tolerably"? Nimeikuta nikaipenda, nataka kuiweka kwenye wasifu, "I speak English tolerably".

#20 Mwalimu wa Kondoa
Usithubutu. Ni neno la karne ya 19, zama hizo bibi mmoja angeweza kusema yuko "tolerably well" na watu wakaelewa ni mzima wa afya. Leo linasikika kama unavumiliwa. Kwenye wasifu watu wanatumia ngazi, "fluent", "good", "fair". Na hapo "fair" iko karibu na sakafu, kwa hiyo usiikimbilie kwa unyenyekevu. Kama umefanya usaili kwa Kiingereza ukaeleweka, andika "good" ulale.

#21 Binti Ipagala
Samahanini wakubwa, swali langu si la ofisini. Kuna kaka kanitumia ujumbe, "you are fairly pretty". Nimesoma uzi wote na sasa sijui nicheke au nimfungie.

#22 Mama Zabibu
Mfungie.

#23 Mwalimu wa Kondoa
Subiri kwanza Mama. Kwa Kiingereza cha kawaida kakuambia wewe ni mzuri wa kiasi. Hata "rather pretty" ingekuwa juu zaidi, hapo "rather" hubeba mshangao mzuri. Lakini huyo ni wa hapa hapa, huenda katoa neno kwenye kamusi. Muulize kwa Kiswahili alitaka kusema nini.

#24 Binti Ipagala
Nimemuuliza. Anasema alimaanisha "kwa haki".

#25 Mkaguzi Mstaafu
Bibie, hiyo ni hati inayoridhisha.